Mstari wa Nne kwenye Karatasi ya Mama Mdogo

Siku ya tatu baada ya kufika Landover, Marekani, kabla hata sijajua swichi ya taa ya bafuni iko upande gani, mama mdogo aliniketisha mezani jikoni akanipa karatasi. Aliishika kwa mikono miwili, kama mtu anayempokeza mwenzake mtoto mchanga, na akaniambia nisiikunje.

Ilikuwa fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Herufi zilikuwa zimevimba na kupauka, na kingo za ukurasa zilikuwa na vumbi la wino. Juu palikuwa na maneno ya mkono: masomo ya kuchukua, kwa mpangilio. Chini yake mistari kumi na mitano, kila mmoja na namba ya somo katika chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, kilichokuwa mabasi mawili kutoka kwetu. Pembeni, waliotangulia walikuwa wameacha ushauri wao: mwalimu wa Jumanne ni mkali, hili usilichukue pamoja na lile, nunua kitabu cha zamani, kipya ni kile kile. Mstari wa nne haukusomeka. Palikuwa na doa jeusi tu, refu kama kidole, na kila mtu alijua kuwa ni uchafu wa mashine ya fotokopi. Ukifika hapo unaruka, unaenda wa tano, ambao ulikuwa kemia.

Kila Mkenya wa kanisa letu aliyetaka kuwa muuguzi alipitia karatasi ile. Ukimaliza, unaongeza neno lako pembeni, unatoa fotokopi, unampa anayefuata. Ilivuka jimbo, ikafika Woodbridge. Ilifika Sterling, ambako chuo chao kina namba nyingine kabisa, lakini watu waliketi Jumapili moja baada ya ibada wakazilinganisha moja moja mpaka zikakubaliana. Mama mdogo ndiye aliyeiandika ya kwanza kabisa, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuifuata mpaka mwisho.

"Hii imetoa nurses kumi na wawili, mama," aliniambia. "Wewe utakuwa wa kumi na tatu. Ifuate tu, usiongeze usipunguze."

Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Kwetu bara, binti wa pili hupewa jina la nyanya wa upande wa mama, na tangu nizaliwe mama mdogo hajawahi kunitaja vingine. Ni heshima yenye mtego. Yeye hawezi kumgombeza mama yake sana, na mama yake naye hafai kumdanganya.

Mimi nilikuwa nimekuja na udanganyifu tayari. Green card niliyoipata kwa bahati nasibu ilinifikisha Marekani, mama mdogo akanipa chumba na kunitafutia kazi ya kusaidia wagonjwa katika nyumba ya wazee alikokuwa muuguzi msimamizi, na kwa hayo yote nilipaswa kumlipa kwa uuguzi. Sikuutaka. Nilitaka biokemia. Niliitaka tangu siku moja ya kidato cha tatu, mwalimu alipokata kipande cha maini mabichi ya ng'ombe, akakitia kwenye bomba la kioo na kukidondoshea ile dawa ya kusafishia vidonda, ya chupa ya kahawia. Maini yakatoa povu. Yalichemka bila moto mbele ya macho yetu, na bomba likapata joto mkononi mwake. Akasema ndani ya maini mna kimeng'enya, ndicho kinachoivunja dawa. Nikauliza kinajuaje cha kuvunja na cha kuacha. Akasema hilo hufundishwa chuo kikuu, nikae chini.

Sijui kama nilikaa chini tena baada ya siku ile. Wenzangu walisahau povu kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilienda nyumbani nikamwibia mama kipande cha maini ya Krismasi nijaribu kwa siki na kwa sabuni, nikachapwa, tena kwa haki.

Hila yangu ilikuwa nyepesi. Ningeifuata karatasi mwaka wa kwanza ili mama mdogo aridhike. Kemia ni kemia, hesabu ni hesabu. Ningekusanya masomo, na nusu ya mistari ikishajaa ningegeuka kimyakimya, niyahamishie chuo kikuu cha jimbo na kuingia mwaka wa tatu wa biokemia. Isitoshe nilikuwa na A ya kemia kwenye cheti cha kidato cha nne. Sisi tuliokulia mitihani ya taifa tunaamini kwamba ukilijua jambo, umelijua, na mtihani mmoja unatosha kushuhudia. Haikunipitia akilini kwamba kunaweza kuwa na kemia mbili, moja ya watu wanaoishia njiani na moja ya watu wanaoendelea. Nilijiona mjanja kuliko wale kumi na wawili wote.

Kwa mihula mitatu niliweka tiki. Asubuhi nilikuwa darasani, na kuanzia saa tisa mchana nilikuwa kazini nikisukuma viti vya magurudumu. Basi likichelewa sikuweza kusimama pale kituoni kama watu wenye akili zao. Nilitembea hadi kituo kinachofuata, halafu kinachofuata, na mara nyingi basi lilinipita nikiwa katikati ya vituo viwili, dereva akinitazama kwa huruma. Mama mdogo alisema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Tulikuwa tukirushiana methali hizo mbili kila wiki, kila mmoja akiwa na hakika kwamba yake ndiyo ya kweli.

Mhula wa tatu ulipokaribia kwisha, nilikwenda kwa mshauri wa masomo nikiwa na tiki zangu tisa na cheti changu ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa mama wa Kimarekani, Mweusi, wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Alipoona cheti kimetoka wapi, akabadilisha lugha. Alikuwa amejifunza Kiswahili chuoni alipokuwa kijana, kwa hiari yake, na akakisema polepole, kila neno limepigwa pasi. Ngeli zake zilininyamazisha. Sisi wa bara tunasema "hizi vitu" mchana kweupe bila aibu, na hapo nikajikuta nachagua maneno kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki.

Nilimwambia ninachotaka. Nilikuwa sijamwambia mtu mwingine yeyote Marekani. Akafungua kitabu kinene cha chuo kikuu, akalinganisha na matokeo yangu, akipitisha kalamu ya risasi. Lishe, akakata. Ukuaji wa binadamu, akakata. Takwimu za wauguzi, akakata. Alipofika kemia alisita kidogo, akaikata pia.

"Somo hili ni la wauguzi," alisema. "Chuo kikuu hakitalihesabu kwa biokemia."

"Lakini ni kemia. Nimepata A."

"Ni kemia, ndiyo. Ni kemia inayoishia hapo. Haifungui mlango wa somo lingine."

Nikamsogezea cheti. Alikitoa kwenye plastiki kwa adabu, akakisoma mbele na nyuma, akakirudisha. Alisema ni cheti kizuri sana na kwamba hakitaniingiza maabara yoyote katika jimbo la Maryland. Halafu akachora visanduku vinne kwenye karatasi, na mishale katikati. Kemia ya jumla ya kwanza, ya pili. Kemia ya kaboni ya kwanza, ya pili. Kila kisanduku ni mhula mzima, na huingii kimoja kabla hujatoka kilichotangulia. Chuo kikuu kilitaka vyote vinne viwe vimekamilika, na zile mbili za kaboni zisomwe mahali pamoja, maana nusu ya hapa na nusu ya kule hazioani. Kalkulasi na fizikia nizibane popote patakapobaki upenyo.

Mihula minne. Na mimi nilikuwa nimeshatumia mitatu, na katika visanduku vile vinne sikuwa nimegusa hata kimoja.

Nikamwonyesha karatasi ya mama mdogo, nadhani kwa kujitetea. Aliitazama kwa muda mrefu na kwa heshima. Alisema ni kazi nzuri kwa mtu anayetaka uuguzi. Akaweka kidole kwenye doa.

"Hapa palikuwa na nini?"

Nikamwambia ni uchafu wa mashine.

Sikwenda kazini siku ile. Nilipiga simu nikasema ninaumwa tumbo. Nikapanda treni hadi chuo kikuu, ambako sikuwa na shughuli yoyote, nikatafuta jengo la kemia, nikazunguka korido zake mpaka mlinzi akaanza kunikariri. Kulikuwa na harufu ya asetoni na ya kahawa iliyoungua. Nyuma ya kioo cha mlango mmoja, msichana wa umri wangu alikuwa akidondosha kitu ndani ya kitu kingine huku akipiga miayo. Ile miayo yake ilinitia wivu kuliko chochote nilichowahi kuona Amerika. Nilitaka kufika mahali ambapo jambo lile linanichosha.

Kwenye treni ya kurudi nikapiga hesabu. Chuo cha jamii kilikuwa na vipindi viwili vya kiangazi, vya wiki chache kila kimoja, na ndani yake unaweza kusukuma somo la mhula mzima. Kemia ya jumla ya kwanza kipindi cha kwanza, ya pili kipindi cha pili. Kaboni ya kwanza msimu wa vuli. Kaboni ya pili majira ya kuchipua. Nikifaulu zote bila kujikwaa, ningeingia chuo kikuu vuli ya mwaka wa tisini na tisa. Nikijikwaa kwenye ile ya mwisho, basi ilifundishwa mara moja tu kwa mwaka, na mwaka mzima ungeondoka tena. Mshauri alinionya kwamba wengi wanaojaribu hivyo hurudi ofisini kwake macho yamewavimba. Nilichora visanduku vyangu nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati, nyuma ya koti la baridi.

Kwa hiyo kiangazi kile nilisoma kemia na kudanganya anatomia. Kwenye karatasi, mstari niliokuwa nimefikia ulikuwa anatomia, na mama mdogo, muuguzi kweli kweli, alipenda kuniuliza tumefika mfupa gani. Nilianza fuvu mwezi wa sita. Kila wiki nilichungulia kitabu chake cha zamani nikateremka kidogo: taya, mabega, mbavu. Nilipomwambia tumefika nyonga alifurahi akanieleza habari ya mzee mmoja aliyevunjika nyonga na kupona, nami nikaitikia kwa kichwa nikiwaza mizani ya milinganyo. Kufikia mwezi wa nane nilikuwa nimefika vidole vya miguu, na mifupa ikawa imeniishia. Nilipata B ya kwanza, na A ya pili, na hakuna mtu nyumbani niliyeweza kumwambia. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Vuli ikaja na kaboni. Somo lile lina kisanduku cha vijipira vya plastiki vyenye mashimo, na vijiti vya kuviunganishia, ili mwanafunzi aone molekuli kwa vidole. Vyeusi, vyeupe, vyekundu, vya buluu. Nilikificha chini ya kitanda.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi nilibaki kanisani kuosha sufuria za chai, na niliporudi nilimkuta mama mdogo ameketi kwenye kitanda changu. Mashine ya kufyonza vumbi ilikuwa bado inanguruma sakafuni, na karibu nayo kisanduku changu kimepinduka, vijipira vimetawanyika hadi mlangoni. Nilikuwa tayari na jibu. Ningesema ni vya mtoto wa jirani.

Hakuniuliza. Alikuwa ameshika kimoja cheusi, anakizungusha kwenye mwanga wa dirisha.

"Nyeusi ni kaboni," alisema. "Mashimo manne."

Nikazima mashine.

Aliinuka akaenda chumbani kwake. Akarudi na bahasha ya kaki, na ndani yake mlikuwa na karatasi ile, ya kwanza, ya wino halisi wa buluu, ambayo sikuwahi kujua kama bado ipo. Akainyoosha dhidi ya kioo cha dirisha. Doa la mstari wa nne halikuwa uchafu wa mashine. Yalikuwa maandishi yake, yaliyokatwa kwa kalamu nyeusi, mara nyingi, kwa nguvu, mpaka karatasi ikachubuka. Kwa mwanga wa nyuma niliweza kuyasoma. Ilikuwa kemia ya jumla, ile ya visanduku, pamoja na namba yake.

"Nilikuwa nataka kuwa pharmacist," alisema. "Nilifeli, mama. Nikarudia. Nikafeli tena."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kila mtu akishuka ndege pale Dulles ananiuliza, umefanyaje, tuonyeshe. Nikaona afadhali nifunge hiyo njia. Sikutaka mtu wetu mwingine aanguke pale."

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Huruma ilikuja baadaye sana. Siku ile nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka. Nilimwambia kwamba mstari ule umenila mwaka na nusu. Nilimwambia watu kumi na wawili wameruka pale bila kuulizwa kama wangeweza. Nilisema kwa sauti ambayo huko kwetu mtu hamsemeshi dada ya mama yake, jina uwe nalo au usiwe nalo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza nitafanya nini nikianguka.

"Nitarudia," nikasema.

"Hapa si kama nyumbani. Nyumbani ukirudia darasa, ile ya kwanza inafutika, watu wanasahau. Hapa haiendi. Zile F zangu mbili bado ziko kwa transcript mpaka leo. Miaka kumi na moja."

Alikusanya vijipira vyote, hata kile kilichokuwa kimeingia chini ya kabati, akavirudisha kisandukuni kwa rangi. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo aliniongelesha kuhusu chumvi na takataka tu. Niliupitia msimu ule na C ya kaboni ya kwanza, ambayo ilitosha kuniingiza kwenye ya pili lakini haikutosha kunipa usingizi.

Barua ya chuo kikuu ilikuja mwezi wa pili. Walinikubali biokemia, mwaka wa tatu, kwa sharti moja: nimalize kaboni ya pili kwa C au zaidi. Chini ya hapo, nafasi ingeenda kwa mwingine, na ningeomba upya mwaka unaofuata. Niliibandika barua kwenye friji, wazi wazi. Siri ilikuwa imekwisha, na sikuwa na nguvu ya kutengeneza nyingine. Mama mdogo aliisoma akisubiri maji yachemke. Akarekebisha sumaku iliyokuwa imeinama, akatia majani ya chai.

Tatizo lilikuwa maabara. Ilikuwa Jumanne na Alhamisi, saa saba hadi saa kumi na moja jioni, na shifti yangu ilianza saa tisa. Kwa majuma ya kwanza nilitoroka maabara kabla ya wakati na kufika kazini nikiwa na glavu mfukoni, na nilikuwa naharibu vyote viwili. Jaribio moja linataka uache kitu kipoe taratibu ili fuwele zijijenge. Mimi nilitia chupa kwenye barafu. Nilipata uji wa kijivu, mwalimu akauandikia sifuri. Mtihani wa kwanza nilipata arobaini na nane kwa mia.

Nilitaka kwenda kumwomba msimamizi wa shifti anibadilishie siku. Msimamizi wa shifti alikuwa mama mdogo. Nilizunguka ofisi yake mara tatu, nikarudi kwa wagonjwa wangu bila kugonga. Nilikuwa na kiburi, na nilikuwa na aibu ya maneno niliyomtolea, na vyote viwili vilinishika mguu mmoja mmoja.

Jumatatu iliyofuata nilikuta ratiba mpya ukutani. Jina langu lilikuwa limefutwa Jumanne na Alhamisi likaandikwa Jumamosi na Jumapili, kwa kalamu ya risasi, kwa mwandiko wa herufi zilizolala ambao ningeutambua popote. Jumapili nzima. Mwanamke ambaye hakuwahi kunikubalia nikose ibada hata nikiwa na homa alikuwa ameniondoa kanisani mpaka mwezi wa tano. Usiku ule nilipika mimi, na nikaweka nyama kwenye sahani yake zaidi ya yangu.

Tangu hapo nilikaa maabara mpaka mwisho. Sikuwa mtulivu; nilizunguka meza huku kitu kikipoa, mpaka mwenzangu wa meza akaniomba nikatembee nje. Lakini nilikiacha kipoe. Fuwele za kwanza nilizozipata zilikuwa ndogo na nyeupe, na nilizitazama mpaka wenzangu wote wakaondoka. Mtihani wa pili sitini na sita. Wa tatu sabini na tisa. Wa mwisho niliufanya katikati ya mwezi wa tano, na nilipotoka sikujua kama nimefaulu au nimefeli. Nilijua tu kwamba swali la sita nililijibu vibaya, kwa sababu jibu lilinijia ngazini.

Matokeo yalitolewa kwa simu. Unapiga namba ya chuo, unabonyeza namba yako ya mwanafunzi, halafu ile ya siri, na mwanamke wa mashine anakusomea herufi zako bila furaha wala masikitiko. Zote mbili nilikuwa nimeziandika kwenye kalenda ya friji ili zisinipotee. Siku yenyewe niliinua mkono wa simu ya jikoni mara tatu nikaurudisha. Mama mdogo alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi, hakuinua kichwa. Mara ya nne nilivaa viatu nikatoka.

Nilizunguka majengo yetu. Nilipita chumba cha kufulia, nikapita mapipa ya taka, nikafuata ua wa waya unaotutenga na barabara kuu, nikarudi mwanzo. Nilikwenda mzunguko wa pili, wa tatu. Kufikia wa saba nilikumbuka Yeriko nikacheka peke yangu, maana hakuna ukuta ulioanguka. Niliwaza mwaka mwingine wa viti vya magurudumu. Niliwaza msichana wa miayo, kwamba atakuwa amehitimu. Niliwaza F inayokaa kwenye karatasi miaka kumi na moja, mtu akitaka anaiona, na kwa mara ya kwanza nilimwona mama mdogo alivyokuwa umri wangu, ana kalamu nyeusi mkononi, anakata. Hapo ndipo niliposikia huruma. Nikasimama. Halafu nikarudi ndani.

Alikuwa amesimama ukutani akiwa na sare iliyonyooshwa nusu, mkono wa simu sikioni, macho kwenye kalenda.

"Hii mashine inasema B," alisema. "Ukibonyeza nyota inasema tena. Nimeirudia mara nne."

Akanipa simu. Nikabonyeza nyota. Ilisema B.

Sikulia, yeye ndiye aliyelia, kidogo, akajifuta kwa pembe ya sare ile. Akazima pasi. Akaenda chumbani akarudi na bahasha ya kaki na kalamu ya buluu, akakaa mezani, akaitandaza karatasi ile ya kwanza na kuilainisha kwa kiganja. Juu ya doa la mstari wa nne palikuwa na nafasi nyembamba. Akaandika hapo jina la somo, kwa herufi ndogo zilizolala. Kitabu cha chuo kilikuwa mezani, karibu na kiwiko chake, lakini hakukifungua. Akaandika na namba ya somo, tarakimu zote, bila kusita hata moja.

"Number yake bado ni hiyo, mama?"

"Bado ni hiyo."

Akanisogezea kalamu. Aliyemaliza huweka neno lake pembeni, ndivyo karatasi ile ilivyofanya kazi tangu mwanzo, lakini kwenye mstari wa nne hapakuwa na aliyenitangulia wa kumwigiza. Nilifikiri kuandika kwamba ni ngumu. Nilifikiri kuandika kwamba usiisome kiangazi. Yeye alingoja, mikono imekunjwa juu ya meza, na basi la kwenda kazini lilipita nje akaliacha lipite. Nikavuta kiti, nikakaa chini.